Kabla Hujaacha Ajira: Jibu kwa Mpiga Kamera Anayetaka Kujitegemea

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nimekuwa mpiga kamera wa kuajiriwa katika kituo cha televisheni kwa miaka saba. Wenzangu walioondoka wakajitegemea wananiambia kwamba hulipwa kwa siku moja fedha zinazokaribia mshahara wangu wa wiki nzima. Nami nataka kuondoka. Ninunue kamera gani, nitoze kiasi gani kwa siku, na nitajuaje kwamba niko tayari?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, nawe umeitanguliza kamera, kama wafanyavyo karibu wote wanaoniuliza jambo hili. Naomba unikubalie nianze na bei. Mtu aliyekosea bei yake hataokolewa na kamera yoyote, ilhali aliyeipanga vizuri anaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa kamera ya kukodi na bado akalala usingizi.

Tuanze na kauli ya wenzako, kwa sababu ndiyo iliyokutia hamu. Sidhani kwamba wanakudanganya. Tatizo ni kwamba wanakutajia bei ya siku waliyoiuza, nawe unailinganisha na mshahara unaolipwa kwa siku zote, zilizouzika na zisizouzika. Chukua mwaka wenye siku 365, uondoe Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Mwajiri wako anakulipa kwa hizo zote, zikiwemo za likizo, za ugonjwa, na zile ulizokaa ofisini tangu asubuhi ukisubiri gari ambalo halikuja. Ukijitegemea, hakuna atakayekulipa kwa siku uliyoandika makadirio ya bei, wala uliyokwenda kuonana na mteja ambaye hatimaye alimchukua mwingine, wala uliyoshinda kwenye simu ukifuatilia ankara ya miezi miwili iliyopita. Ukitenga siku 25 kwa likizo, sikukuu na ugonjwa, kisha siku moja kila wiki kwa kazi za aina hiyo, unabaki na siku zisizozidi 190, na hapo bado hatujagusa siku ambazo simu haikulia kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nililipwa kwa siku 83. Nilikuwa nimejipangia 150.

Sasa tufanye hesabu bila kutaja fedha ya nchi yoyote. Tuseme mshahara wako wa mwaka, ukigawanywa kwa siku 260, unatoa kizio kimoja kwa siku. Ukifanikiwa kuuza siku 100 kwa mwaka, kila siku lazima ilete vizio 2.6 ili tu uufikie mshahara uleule ulionao leo. Juu ya hapo weka vitu ambavyo mwajiri alikuwa akivilipia bila wewe kuviona: mchango wa pensheni, bima ya afya, bima ya vifaa, usafiri, programu za kuhariri, diski za kuhifadhia, na uchakavu wa kila kifaa unachokibeba. Tuseme gharama hizo ni sawa na asilimia 40 ya kipato unachokihitaji. Bei ya siku inapanda hadi vizio 3.64. Ukiuza siku 80 badala ya 100, inafika 4.55. Wiki ya kazi ina siku tano, yaani vizio vitano. Kwa hiyo mwenzako anayepokea kwa siku moja karibu mshahara wako wa wiki, ikiwa anauza siku 80 kwa mwaka, kimapato yuko palepale ulipo wewe, isipokuwa yeye hajui mwezi ujao utaleta nini.

Sisemi haya kukukatisha tamaa. Mimi mwenyewe nimeishi kwa kazi hii kwa miaka mingi na sijawahi kutamani kurudi kwenye kadi ya mahudhurio. Nasema kwa sababu mpiga kamera anayetoka kwenye ajira kwa kawaida huchukua mshahara wake wa siku, akauzidisha mara mbili, akaona aibu kutaja zaidi ya hapo, na baada ya miezi minane anajikuta ana kazi nyingi na madeni mengi kwa pamoja. Kupanda kutoka bei hiyo ni kugumu, maana mteja aliyekuzoea kwa bei ya chini huona ongezeko kama usaliti. Mara nyingi inakubidi umwache na kumtafuta mwingine asiyeijua bei yako ya zamani. Fanya hesabu yako mwenyewe kwa tarakimu zako halisi, ikibidi kwa kukaa na mtu anayefahamu kodi za nchi yako, na uandike mahali siku utakazouza zisizidi 90 kwa mwaka wa kwanza. Zikizidi, utakuwa umepata neema. Zikipungua, hutakuwa umeanguka kutoka mbali.

Ukishaijua bei ya siku, ieleze siku yenyewe ni nini. Mimi huandika kwamba siku yangu ni saa kumi, zinazoanza pale ninapotakiwa kufika mahali pa kazi na kuishia pale kifaa cha mwisho kinaporudi kwenye mkoba, na kwamba saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu. Kwenye makadirio ya bei huweka mstari mmoja kwa kazi yangu, mwingine kwa vifaa, mwingine kwa usafiri, na mwingine kwa diski na unakilishaji. Ukiandika jumla moja tu, mteja anayetaka kupunguziwa atakuomba upunguze jumla, nawe utakata kwenye jasho lako. Ukiwa umetenganisha, unaweza kumjibu kwa upole kwamba bajeti ikibana tutaondoa taa mbili, au tutakwenda na kamera moja badala ya mbili, na bei ya mtu itabaki ilivyo. Kuhusu "nusu siku", ushauri wangu ni kutoiuza. Mahojiano ya kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana yanakula siku nzima, kwa kuwa hakuna mteja mwingine atakayekuchukua kuanzia saa nane na hali betri zako hazijachajiwa na kadi zako za kumbukumbu bado zina kazi ya asubuhi.

Kuna jambo ambalo ukiwa umeajiriwa hukulijua kabisa, nalo ni kushikiliwa tarehe. Mtayarishaji anakupigia na kusema, "Nishikie tarehe 12 hadi 14, nitakuthibitishia." Katika kazi hii hiyo ni ahadi nusu: wewe huruhusiwi kuziuza siku hizo bila kumwuliza kwanza, naye hajafungwa na lolote. Mwanzoni nilishikiliwa siku tatu kwa ajili ya filamu ya makala, nikamkatalia mteja mwingine aliyezitaka siku zizo hizo na aliyekuwa tayari kuandikiana, kisha usiku wa kuamkia siku ya kwanza nikapokea ujumbe mfupi kwamba kazi imeahirishwa. Vifaa vilikuwa vimekwisha kupangwa mlangoni. Sikuwa na karatasi yoyote. Yule mtayarishaji hakuwa mtu mbaya. Hakukuwa na kitu chochote kilichomwambia kwamba siku zangu zina thamani.

Tangu hapo nafuata utaratibu usiobadilika, na nakusihi uuanze tangu kazi ya kwanza. Anayetaka tarehe ishikiliwe naishikilia bila malipo, ila mwingine akiitaka kwa uthibitisho, nampigia wa kwanza na kumpa saa 24 athibitishe au aachie. Akishathibitisha, masharti ya kughairi yanaanza: akighairi ndani ya wiki moja kabla ya kazi analipa nusu, akighairi ndani ya saa 48 analipa yote. Masharti hayo hukaa kwenye ukurasa uleule wa makadirio ya bei, kwa lugha nyepesi, na ninamwomba mteja ajibu kwa maandishi kwamba ameyakubali kabla sijakodi hata waya mmoja. Kwa mteja mpya naomba malipo ya awali ya nusu. Kuna wateja watakaokuambia kwamba kampuni yao hulipa baada ya siku 30 au 60 tu, na wengine kweli wana utaratibu huo. Wakubali ikiwa akiba yako inaruhusu, ila tuma ankara siku ileile unayokabidhi picha. Wengi wetu tunaopenda kamera tunachukia makaratasi, na ankara inayotumwa baada ya wiki tatu inakuwa imeongeza wiki tatu juu ya zile siku 30.

Jambo la hakimiliki nitaligusa kwa ufupi, kwa sababu sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya hakimiliki ya 1976 inaruhusu kazi ya picha jongefu iliyoagizwa ihesabiwe kuwa ya aliyeiagiza, ikiwa pande zote mbili zimekubaliana hivyo kwa maandishi na kutia saini. Kokote uliko, soma mkataba kabla ya kusaini, na kama unakabidhi haki zote, omba walau kibali cha kutumia sekunde chache za kazi hiyo kuonyesha sampuli zako. Bila kibali hicho utakuwa na miaka mitano ya kazi nzuri usiyoweza kumwonyesha mtu.

Sasa kamera. Hapo zamani swali lako lisingeulizwa, maana kamera ilikuwa mali ya kituo au ya studio, na mpiga kamera aliajiriwa kwa mikono na macho yake. Mwaka 1982 Sony walileta Betacam, iliyounganisha kamera na kinasa katika chombo kimoja cha begani, na kwa hatua hiyo mtu aliyekuwa akitembea nyuma ya mpiga kamera amebeba kinasa akaanza kuondoka kazini. Mwaka 2008 Canon walitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha mnato iliyoweza kurekodi video kwa kihisi kikubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na kwa bei ambayo mtu binafsi aliimudu. Tangu wakati huo wateja wamezoea kumnunua mtu na kamera yake kama kifurushi kimoja, na swali la kwanza wanalouliza kwenye simu ni "Una kamera gani?" Ndiyo maana nawe unahisi kwamba usiponunua kwanza huwezi kuanza.

Unaweza kuanza. Kampuni za kukodisha vifaa kwa desturi hutoza wiki nzima kwa bei ya siku tatu au nne, na gharama hiyo unaiweka kwenye mstari wa vifaa, inalipwa na mteja, siyo na akiba yako. Kodi kamera inayohitajika kwa kila kazi, na uandike kwenye daftari ni ipi ulikodi na mara ngapi. Baada ya miezi sita daftari litakuonyesha ikiwa soko lako ni la mahojiano ya mashirika, la habari, la harusi au la tamthilia, na kila mojawapo ina kamera yake. Ninamfahamu mtu aliyechukua mkopo akanunua kamera ya sinema yenye kihisi kikubwa, kisha akagundua kwamba wateja wake wote walitaka kamera nyepesi ya begani yenye lenzi moja ya kuvuta mbali na karibu, kwa sababu matukio yao hayakuwa na nafasi ya kubadilisha lenzi. Alikuwa akiilipia kamera iliyolala sandukuni na kukodi nyingine kila wiki.

Ukitaka kununua kitu mwezi huu, nunua stendi ya miguu mitatu iliyo imara na yenye kichwa cha mafuta kinachogeuka bila kukwama. Kamera hupitwa na wakati baada ya miaka minne au mitano. Stendi nzuri niliyonayo imeshazika kamera tatu, nayo ndiyo inayoamua kama picha yako ya kugeuka polepole itaonekana ya mtu mzoefu au ya mwanafunzi. Baada ya hapo nunua maikrofoni mbili za kubana kifuani na hedifoni zinazofunika sikio zima, kwa kuwa mara nyingi utaambiwa hakuna bajeti ya fundi sauti. Mahojiano ninayoyarekodi peke yangu huyaingiza kwenye njia mbili za sauti kutoka maikrofoni ileile, ya pili nikiishusha kwa desibeli 10, ili mzungumzaji akicheka kwa ghafla au akipiga meza, mhariri awe na njia isiyopasuka. Hatua hiyo haichukui hata dakika moja.

Hapa ndipo ninapofikia swali lako la tatu, la kuwa tayari, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Miaka saba kituoni imekufundisha kutunga picha, lakini huenda pia imekuficha mambo, kwa sababu kituoni kuna fundi. Kuna mtu aliyekuwa akiweka saa za kamera zilingane, aliyenakili kadi zako ulipokuwa unakula, aliyejua kwa nini picha inacheza. Siku ya kwanza ya kujitegemea mtu huyo ni wewe.

Nikupe mfano. Nilipewa kazi ya kurekodi mkutano wa siku moja katika ukumbi wenye taa za mirija dari nzima, na mteja alitaka fremu 30, yaani picha mojamoja 30, kwa sekunde kwa sababu video zake nyingine zote zilikuwa hivyo. Nikaweka fremu 30, na kwa mazoea ya kuifanya tarakimu ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe mara mbili ya ile ya fremu, nikaweka shata ya 1/60 ya sekunde. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilikuwa safi. Nilirekodi sekunde 20 za majaribio, nikazifungua kwenye kompyuta, na hapo nikaona ukungu mwepesi ukipanda na kushuka ukutani, kama mtu anayepumua. Umeme wa nchi ile ulikuwa wa hezi 50, kwa hiyo taa zile zilikuwa zikipwita mara 100 kwa sekunde, na 1/60 haigawanyiki sawasawa na mapwito hayo. Kila fremu ilikuwa inapata mwanga kidogo zaidi au kidogo pungufu kuliko iliyotangulia. Niliposhusha shata hadi 1/50, kila fremu ikapata mapwito mawili kamili, na ukungu ukatoweka. Penye umeme wa hezi 60, kama Marekani, hali ni kinyume: 1/60 ndiyo salama na 1/50 ndiyo inayoleta balaa. Nisingerekodi zile sekunde 20 ningekabidhi saa saba za ukuta unaopumua, na hakuna programu ya kuhariri ambayo ingezirudisha sawa bila kumgharimu mteja.

Kwa hiyo jipime hivi. Je, ukiachwa peke yako ukumbini, unajua kwa nini unachagua kila tarakimu iliyo kwenye kamera, au unaiacha kama fundi alivyoiweka? Je, unaweza kurekebisha weupe kwa mkono, ili kitu cheupe kionekane cheupe, pale ambapo dirisha linaleta mwanga wa mchana wa kelvini 5600 (kipimo cha rangi ya mwanga) na taa ya mezani inaleta wa manjano zaidi, wa karibu 3000, na kuamua ni upi uukubali na upi uuzuie? Mambo haya yanajifunzika kwa miezi michache, na ni afadhali uyajifunze wakati bado una mshahara, kwa kukaa na huyo fundi baada ya saa za kazi na kumwomba akuache ufanye mwenyewe huku akikutazama.

Uzito zaidi uuweke kwenye utunzaji wa picha baada ya kurekodi. Mteja anaweza kukusamehe picha iliyokosa ubora kidogo, ila sijaona aliyesamehe kadi iliyopotea. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa; siku yenye saa sita za kurekodi ni gigabaiti 270, na nakala mbili ni 540. Tarakimu hizo ziwe kwenye makadirio yako ya bei tangu mwanzo, pamoja na muda wa kunakili, ambao mara nyingi ni saa mbili za usiku ambazo wengine wameshalala. Kadi iliyojaa naigeuza uso chini kwenye pochi yake na kuibandika utepe mwekundu, ili hata nikiwa nimechoka kiasi cha kutosoma maandishi nijue kwamba hiyo haiguswi. Usiku nanakili kwenye diski mbili tofauti kwa programu inayolinganisha kila faili na lile la asili baada ya kulinakili, kwa sababu kuburuta faili kwa kipanya hakukuambii kama kuna kipande kilichopotea njiani. Diski moja inasafiri na mimi, nyingine inasafiri na mtu mwingine au kwa gari lingine. Kadi yenyewe siifuti mpaka mteja aandike kwamba amepokea na amefungua. Ninajua wenzangu wanaofuta kadi usiku huohuo kwa kuwa hawana kadi za kutosha. Hao nawaambia wanunue kadi kabla ya kununua lenzi nyingine.

Kuhusu bima nitasema maneno machache tu. Ikate kabla ya kazi ya kwanza, ya vifaa na ya madhara unayoweza kumletea mtu mwingine, kama mtu atakayejikwaa kwenye waya wako, na usome kipengele cha wizi ndani ya gari, kwani bima nyingi hukataa kulipa ikiwa gari liliachwa bila mtu. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi. Zisizozidi wati-saa 100 hupita kwa kawaida, za kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege na haziruhusiwi zaidi ya mbili, na zinazozidi 160 haziingii ndege ya abiria. Zidisha volti kwa ampea-saa utapata wati-saa: betri ya volti 14.4 yenye ampea-saa 6.6 ni wati-saa 95. Ukivuka mipaka na vifaa vingi, uliza mapema kuhusu hati ya ATA Carnet, ambayo katika nchi zinazoitambua hukuwezesha kuingiza vifaa kwa muda bila kuvilipia ushuru.

Jambo linaloniumiza zaidi katika kazi yetu ni jinsi mtu aliyejitegemea anavyoshindwa kusema hapana. Ukiwa umeajiriwa, kukataa kupanda juu ya paa bovu kunaweza kukuletea maneno ya mkuu wako. Ukijitegemea, unahisi kwamba hutaitwa tena kamwe. Mwaka 1997 nchini Marekani msaidizi wa kamera alifariki kwa ajali ya gari akirudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19, na mpiga picha wa sinema Haskell Wexler alitumia miaka mingi baada ya hapo kupigania siku isiyozidi saa 12, akatengeneza na filamu ya makala juu ya suala hilo mwaka 2006. Februari 2014 msaidizi mwingine wa kamera aligongwa na treni akafa katika jimbo la Georgia, kikundi chao kikiwa kinapiga picha juu ya daraja la reli bila kibali cha kampuni ya reli, na mwaka uliofuata mwongozaji wa filamu hiyo alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Wote wawili walikuwa wataalamu waliofanya walichoombwa. Ndiyo maana makadirio yangu ya bei yana sentensi inayosema kwamba kati ya mwisho wa siku moja na mwanzo wa inayofuata pawe na saa 11 za mapumziko, na kwamba pakizidi saa 12 za kazi mteja hugharimia mahali pa kulala au dereva. Sentensi iliyoandikwa wiki mbili kabla ni rahisi kuisimamia kuliko ujasiri unaoutafuta saa sita usiku ukiwa umechoka.

Mwili wako pia ni kifaa, na hauna wa kukodi. Kamera ya begani yenye lenzi na betri hufika kilo nane au zaidi, na madhara yake hayaonekani mwaka wa kwanza. Tumia stendi ya mguu mmoja kila panaporuhusu, teremsha kamera kila mwongozaji anaposema kata hata kama ni kwa dakika moja, na jifunze kubebea bega la pili. Mimi nilianza kujali nilipofikisha miaka 38, siku niliyoshindwa kugeuza shingo kutazama kioo cha pembeni cha gari.

Utauliza kazi zitatoka wapi. Kwangu nyingi zimetoka kwa wapiga kamera wenzangu waliokuwa na kazi nyingine siku hiyo, chache kwa wahariri waliopenda namna nilivyopanga faili zangu, na karibu hakuna iliyotoka kwa tangazo. Kwa hiyo mwenzako akikupa kazi ya mteja wake, nenda kama mjumbe wake: usigawe namba yako, na mteja akikupigia mwezi ujao moja kwa moja, mwambie mwenzako kabla hujakubali. Utapoteza kazi mbili tatu kwa uaminifu huo na utaitwa kwa nyingine nyingi.

Nikujibu sasa moja kwa moja. Usiondoke mwezi huu. Kwanza soma mkataba wako wa ajira uone kama unaruhusu kazi za nje. Ukiruhusu, uza siku sita au saba za mwisho wa wiki kwa bei kamili uliyoihesabu, bila kuipunguza kwa kisingizio kwamba mshahara upo, ili ujue kama kuna mtu anayeilipa. Weka akiba ya kuishi miezi sita bila kipato, kwa sababu hata ukipata kazi siku ya kwanza, fedha yake inaweza kuchukua miezi miwili kufika. Wateja watatu wasiofahamiana wakikuita kwa mara ya pili, na akiba hiyo ikiwa imetimia, andika barua ya kuacha kazi, uwaage vizuri, na umwachie mkuu wako namba yako ya simu. Vituo huhitaji watu wa ziada wakati wa uchaguzi na mashindano makubwa, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mwajiri wako wa leo atakuwa mteja wako wa kwanza, safari hii kwa bei ya siku.